Profesa wa wadudu aliyekataa mipaka ya ramani

Kama wewe ni mtu wa matatu za Kasarani, huenda umewahi kupita karibu na mahali panapoitwa Duduville. Usidhani ni jina la utani. Ndilo jina la makao makuu ya ICIPE, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu. Ndani ya geti lile kuna watu wenye digrii tatu tatu ambao kazi yao ya kila siku ni kufuga mbung'o, kulisha viwavi na kuhesabu mayai ya nyigu.

Aliyeanzisha kituo hicho ni Mkenya, Thomas Risley Odhiambo. Alifariki mwaka wa 2003, wakati wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwa mnatambaa ama hamjazaliwa. Shuleni nilikaririshwa Newton, nikakaririshwa Darwin, lakini Odhiambo nilikuja kumjua nikiwa mtu mzima, tena kwa bahati tu. Ni ajabu kidogo, kwa sababu ukila ugali nchi hii, kuna uwezekano mkubwa mahindi yake yalipitia shamba lililowahi kuguswa na kazi ya watu aliowafundisha ama aliowaajiri.

Alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, mtoto wa familia ya Kiluo mbali kabisa na ziwa. Odhiambo, kama unavyojua, ni jina la mtoto aliyezaliwa jioni. Miaka hiyohiyo aliyozaliwa, nzige walikuwa wamevamia Nyanza na sehemu nyingine za nchi, wakila kila kitu cha kijani walichokuta. Wazee wa Kiluo walilipa wimbi lile jina, Nyangweso, na kuna watu waliozaliwa wakati huo wakaitwa hivyo hivyo. Mtoto Thomas asingeweza kukumbuka, lakini alikulia katika jamii ambapo mdudu alikuwa kalenda. Watu walihesabu umri wao kwa kurejelea mwaka wa nzige.

Alisoma Maseno, shule ileile iliyotoa vigogo wengi wa siasa za nchi hii, kisha akaenda Makerere. Hapo ndipo hadithi yake inaanza kuwa ya kanda nzima. Miaka ya mwanzo ya 50, kijana Mwafrika wa Kenya, Uganda ama Tanganyika aliyetaka masomo ya juu bila kuvuka bahari alielekea Kampala. Kwa hivyo bwenini ungemkuta Mchaga, Mganda, Mkikuyu na Mluo wakigawana dawati moja. Hakuna aliyeona ajabu. Mipaka ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa ya Mwingereza.

Baada ya Makerere hakurudi nyumbani. Aliajiriwa na idara ya kilimo ya Uganda, Mkenya anayelipwa mshahara wa Uganda, na akafanya utafiti katika kituo cha Kawanda, karibu na Kampala. Kazi yake ilikuwa wadudu wafyonzaji wa jamii inayoitwa Miridae. Ni vidudu vidogo, laini, ukivitazama kwa haraka unaweza kudhani ni uchafu juu ya jani. Lakini baadhi yake hufyonza vitumba vya pamba hadi vidondoke, na mkulima anabaki na miti mizuri ya kijani isiyo na pamba. Odhiambo alivikusanya, akavichora, akavipa majina na kuandika makala baada ya makala kuvihusu. Ni kazi ya subira ya ajabu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mchana kutwa kwenye hadubini, anahesabu vipande vya kipapasio cha mdudu asiyefika sentimita moja.

Na hapo kuna jambo la kuangalia. Pamba ilikuwa zao la kuuza nje. Sehemu kubwa ya utafiti wa kilimo wa enzi ya mkoloni ulifuata pesa: kahawa, chai, mkonge, pamba. Mtama wa nyanya yako haukuwa na mtaalamu wake. Mahindi na mihogo vilipata watafiti wachache, lakini anayelima ekari moja ya chakula cha nyumbani hakuwa kwenye hesabu ya mtu mkubwa yeyote. Odhiambo alianzia ndani ya mfumo huo, na maisha yake yaliyobaki alijaribu kuugeuza.

Mwanzoni mwa miaka ya 60 alikuwa Uingereza, Cambridge, katika chuo cha Queens'. Mwalimu wake alikuwa Sir Vincent Wigglesworth, jina ambalo kwa watu wa wadudu ni kama jina la Kipchoge kwa watu wa mbio. Wigglesworth ndiye aliyeonyesha kwamba mdudu hukua na kubadilika umbo kwa kuongozwa na homoni, kemikali chache zinazotolewa na tezi ndogo mwilini mwake. Odhiambo alichukua elimu hiyo akaielekeza kwa nzige wa jangwani. Alitaka kujua kinachomfanya nzige dume apevuke na awe tayari kuzaa. Akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1965.

Sasa fikiria. Ana umri wa miaka 34, ana PhD ya Cambridge, mwalimu wake ni nguli wa dunia. Angebaki huko. Wengi walibaki, na sitawalaumu, maana hata leo ukipewa viza ya huko na maabara yenye umeme usiopotea utafikiria mara mbili. Yeye alirudi mwaka huohuo kufundisha zuolojia Nairobi.

Chuo cha Nairobi wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Na si chuo tu. Utafiti wa kilimo nao ulikuwa wa pamoja. Muguga, pale karibu na Limuru, kulikuwa na shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO. Tororo, Uganda, kulikuwa na kituo cha ugonjwa wa malale. Arusha kulikuwa na taasisi ya viuatilifu. Samaki wa maji baridi walichunguzwa Jinja. Ulikuwa mfumo ambao mkulima wa Kakamega, Mbale na Mwanza walihudumiwa na maabara zilezile, na mtaalamu akipata jibu Tororo hakuhitaji barua ya balozi kulifikisha Kisumu.

Mwaka wa 1967 Odhiambo aliandika makala katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ukiifupisha ilikuwa hivi: nchi zetu hazina pesa wala watu wa kutosha kufanya kila kitu, kwa hivyo tuchague maeneo machache tunayoweza kuwa bora duniani, tuweke nguvu zote hapo. Yeye alichagua wadudu. Ukiwaza, ni chaguo la akili sana. Nchi baridi za Ulaya zina wadudu wachache na majira ya baridi yanayowaua. Sisi tuna kila aina, mwaka mzima. Mbung'o hawapo popote duniani isipokuwa Afrika. Hapa ndipo penye shida na hapa ndipo penye maabara ya asili.

Makala kama hizo kwa kawaida husomwa na watu kumi na kusahaulika. Lakini Marekani kulikuwa na mkemia, Carl Djerassi, mmoja wa waliotengeneza homoni iliyowezesha vidonge vya kupanga uzazi. Naye wakati huo alikuwa akipigia debe wazo la kujenga vituo vya utafiti wa hali ya juu katika nchi zinazoendelea, ambapo mabingwa wa nje wangekuja kufanya kazi na vijana wa huko, badala ya vijana kuhamia ng'ambo. Tena alikuwa amevutiwa na homoni za wadudu kama njia ya kuwadhibiti bila sumu. Wawili hao walikuwa kama wamepangiwa kukutana. Vyuo na akademia za sayansi za nchi mbalimbali vikaingia, na mwaka wa 1970 ICIPE ikazaliwa jijini Nairobi, kwenye kampasi ya Chiromo, Odhiambo akiwa mkurugenzi.

Angalia mwaka huo. 1970 ndio mwaka Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa vipande vitatu, kila nchi ikachukua chake. Nairobi ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Odhiambo akawa profesa wake wa kwanza wa elimu ya wadudu na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo. Kwa hivyo mkono mmoja anapokea cheo kinachotokana na mgawanyiko, mkono mwingine anajenga kitu cha kuunganisha.

Wadudu wa kwanza kwenye orodha ya ICIPE walikuwa mbung'o, kupe, mbu, mchwa na viwavijeshi. Ukiniuliza mimi, miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya maabara zaidi kuliko shamba. Mabingwa walitoka nje, vijana watafiti wakakaa Nairobi, na mengi yaliyochapishwa yalihusu homoni na tezi. Ilikuwa sayansi safi, lakini mama wa Siaya hakuona chochote mlangoni kwake. Odhiambo alijitetea kwamba huwezi kumpiga adui usiyemjua. Ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba mkulima hawezi kungoja miaka kumi ajulishwe mdudu wake anapumua vipi.

Halafu likaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa.

Watu wakizungumzia kifo cha Jumuiya hutaja ndege na treni, jinsi shirika moja la ndege lilivyogawanywa na mpaka wa Tanzania ukafungwa. Maabara hazitajwi. Lakini zilikatwa vilevile. Muguga ikawa ya Kenya, na mwaka wa 1979 ikaingia ndani ya taasisi mpya ya kitaifa, KARI. Tororo ikawa ya Uganda, wakati Idi Amin bado yuko ikulu, na unaweza kuwazia utafiti gani ungefanyika pale. Arusha ikabaki Tanzania. Ghafla mtaalamu wa malale alikuwa nchi moja na mbung'o waliobeba malale walikuwa nchi tatu. Maktaba iliyojengwa kwa pamoja ikabaki upande mmoja wa mpaka. Nchi yenye kituo cha mazao haikuwa na cha viuatilifu. Kila serikali ikaanza upya kujenga kile ilichokikosa, kwa pesa ambazo haikuwa nazo.

Bungua wa mahindi hakusikia habari hiyo. Viwavijeshi huletwa na nondo wanaosafiri kwa upepo mamia ya kilomita, kutoka Tanzania kuja Kenya na kuendelea hadi Ethiopia, na hawajawahi kupiga foleni Namanga. Kwa nzige angalau kulikuwa na DLCO, shirika la kupambana na nzige wa jangwani la Afrika Mashariki lililoundwa kwa mkataba wa mwaka wa 1962, ambalo halikuwa mali ya Jumuiya na likaendelea kurusha ndege zake. Kwa wadudu wengine wengi, kamba ilikatika.

ICIPE ilipona kwa sababu Odhiambo hakuiweka chini ya Jumuiya, na wala haikuwa idara ya serikali yoyote. Ilikuwa ya kimataifa tangu mwanzo. Mwaka wa 1986 jambo hilo likatiwa muhuri kwa mkataba ulioifanya rasmi kuwa shirika la nchi mbalimbali. Wapo waliosema alikuwa anajijengea ufalme. Labda. Lakini falme za wengine wakati ule zilikuwa za ng'ombe na ploti.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 70 ndipo mzee alipoanza kushuka shambani kwa nguvu. Kituo cha Mbita Point kilijengwa kando ya Ziwa Victoria, kikitazamana na Rusinga, kisiwa cha Tom Mboya. Wakati huo kufika Mbita kulikuwa safari ya kweli. Hakukuwa na sababu ya kuweka maabara pale isipokuwa moja: wakulima walikuwa pale. Mtama na mahindi yalikuwa yakitobolewa na bungua, kiwavi anayeingia ndani ya bua na kulila kutoka ndani. Ukinyunyiza dawa nje, yeye yuko ndani amejifungia. Ni kama kumwaga maji juu ya bati ukitumaini aliyelala ndani atalowa. Na hata kama dawa ingefanya kazi, mwenye ekari moja angetoa wapi pesa ya kuinunua kila msimu?

Hilo ndilo lililokuwa wazo kuu la Odhiambo, na alilishikilia hadi mwisho: tafuta suluhisho ambalo mtu asiye na pesa anaweza kulitumia. Nguruman, kule chini karibu na Magadi, watafiti wa ICIPE walitengeneza mtego wa mbung'o wakauita NGU, kwa jina la mahali penyewe. Ni kitambaa cha buluu na cheusi, wavu, na harufu ya kuvutia. Harufu yenyewe ni asetoni na mkojo wa ng'ombe. Mkojo wa ng'ombe, jamani. Kitu ambacho Mmasai hakosi. Mbung'o hufuata harufu akidhani amepata mnyama, anaingia, hatoki. Wafugaji wenyewe walijifunza kuishona na kuitunza. Hebu linganisha na helikopta zinazomwaga sumu juu ya mbuga nzima.

Halafu kuna kisa cha Pwani, ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kwa sababu kinaonyesha vizuri kwa nini kazi hii haiwezi kuwa ya nchi moja. Kuna aina ya bungua anayeitwa Chilo partellus. Si wa Afrika. Alitoka Asia, akaonekana Malawi miaka ya 30, akasambaa hadi Afrika Mashariki, na Pwani ya Kenya akajifanya mwenyeji. Shida ya mgeni kama huyo ni kwamba amewaacha maadui zake kwao. Kwa hivyo watafiti wa ICIPE, wakishirikiana na wa Uholanzi, walienda kumtafuta adui. Walimpata Pakistan: nyigu mdogo kama chembe ya pilipili manga, Cotesia flavipes. Jike lake huingia hadi ndani ya tundu la bua, anamchoma bungua na kutaga mayai ndani ya mwili wake. Watoto wanaanguliwa wakimla akiwa hai. Ni filamu ya kutisha, lakini kwa mkulima ni habari njema. Mwaka wa 1993 nyigu hao waliachiliwa Pwani, mkoa aliozaliwa Odhiambo, yeye akiwa bado mkurugenzi. Baadaye wakapelekwa nchi nyingine kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, zikiwemo Uganda na Msumbiji. Mdudu wa Asia, nyigu wa Pakistan, maabara ya Nairobi, shamba la Kilifi, kisha Msumbiji. Ungefanyaje hilo ukiwa na taasisi inayoishia Lunga Lunga?

Mkulima hakulipa senti. Hata hakuhitaji kujua. Nyigu akishakubali mazingira anaendelea mwenyewe, anazaa, anahama na upepo.

Lakini kwa vyovyote, wadudu hawakuwa kazi ngumu zaidi. Watu ndio walikuwa. Odhiambo aliona kwamba ICIPE ikiendelea kuleta mabingwa kutoka nje, siku wafadhili wakichoka itabaki majengo matupu. Mwaka wa 1983 akaanzisha mpango wa ARPPIS. Vyuo vikuu vya nchi mbalimbali za Afrika vikaungana na ICIPE: mwanafunzi wa uzamifu anasajiliwa chuo cha kwao, anafanya utafiti wake Duduville ama Mbita, kisha anapewa shahada na chuo chake. Mghana, Mhabeshi, Mzambia na Mkenya, wote katika maabara moja, kila mmoja akichunguza mdudu anayesumbua kwao. Baadaye kozi za uzamili zikaanzishwa katika kanda, zikiwemo Addis Ababa, Ghana na Zimbabwe.

Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo sina haja ya kumwambia mtu asome hadi PhD. Lakini nikitazama mpango huu naona kitu ambacho hata aliyeacha chuo anakielewa: konekisheni. Alichokuwa anajenga Odhiambo kilikuwa mtandao wa watu waliokula chakula kimoja wakiwa na miaka 27, ili wakiwa na miaka 50, mmoja akiwa mkuu wa utafiti Lusaka na mwingine Kampala, wapigiane simu bila kupitia wizara. Ni Makerere yake ya zamani aliyoijenga upya, bila bendera ya mkoloni juu yake. Mpango huo bado upo na wahitimu wake wamejaa katika taasisi za kilimo barani.

Mwaka wa 1985 alikuwa mmoja wa vinara wa kuanzisha Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa rais wake wa kwanza, makao yakawa Nairobi. Mwaka wa 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kumaliza njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Mwanasayansi wa wadudu na rais wa nchi, jukwaa moja. Sifa kama hizo zilikuwa nyingi na sitazipanga zote hapa.

Kilichokuwa kikimuuma ni pesa. Mwaka wa 1980 viongozi wa Afrika walikuwa wametia saini Mpango wa Lagos, na humo kulikuwa na lengo la kila nchi kutumia asilimia moja ya pato lake kwa sayansi na teknolojia. Asilimia moja tu. Odhiambo alizunguka miaka na miaka akiwakumbusha marais ahadi yao wenyewe, na nchi nyingi hazikuifikia. ICIPE ikaendelea kuishi kwa pesa za Umoja wa Mataifa, Uswidi, Uholanzi na wengine wa nje. Hapa ndipo hadithi yake ina doa ambalo haliwezi kufutwa kwa sifa. Mtu aliyehubiri kwamba sayansi ya Afrika iongozwe na Waafrika, bajeti yake iliamuliwa sehemu kubwa Ulaya na Marekani. Alilijua hilo vizuri kuliko wanaolisema leo. Alichagua kuchukua pesa na kujenga, badala ya kungoja hazina za Afrika zifunguke.

Aliondoka ICIPE mwaka wa 1994, baada ya miaka 24. Nafasi yake ikachukuliwa na Mswisi Hans Herren, aliyekuwa ameongoza vita dhidi ya kidung'ata cha mihogo kwa kutumia nyigu wa Paraguay, mbinu ileile ya Pwani kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka huohuo wa 1994, taasisi za utafiti wa kilimo za nchi kumi, kuanzia Eritrea hadi Madagascar, ziliunda chama chao, ASARECA, makao yake Entebbe. Yaani miaka 17 baada ya Jumuiya kuvunjika, maabara zilianza kutafutana tena, na safari hii mezani kulikuwa na Rwanda, Burundi, Kongo, Ethiopia na Sudan pia. Odhiambo mwenyewe hakustaafu. Aliendelea na Akademia, na akaanzisha jukwaa la kuwakutanisha wanasayansi na wakuu wa nchi. Aliishi kuiona Jumuiya ya Afrika Mashariki ikifufuliwa kwa mkataba wa 1999. Tarehe 26 Mei 2003 akafariki Nairobi, akiwa na miaka 72. Kituo cha Mbita sasa kinaitwa kwa jina lake.

Na Mbita hapakulala. Katika miaka ya 90, timu ya Dkt. Zeyaur Khan ilianza kazi pale na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, pamoja na KARI. Walitaka kumtoa bungua kwenye mahindi kwa kutumia mimea mingine. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea unaotambaa na kutoa harufu ambayo nondo wa bungua haipendi. Kuzunguka shamba unapanda nyasi za nepia, ambazo nondo anazipenda. Anasukumwa kutoka ndani, anavutwa nje, anataga mayai yake kwenye nepia na watoto wengi wanafia huko. Ndiyo maana ikaitwa vuta-sukuma. Watafiti wakagundua kwamba desmodiamu inaua pia kayongo, lile gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi na kuwamaliza wakulima wa Nyanza na Magharibi. Mizizi yake hutoa kemikali inayoifanya mbegu ya kayongo iote bila kupata mahindi ya kushika, na inakufa. Juu ya hayo, nepia na desmodiamu ni chakula cha ng'ombe. Mbinu hiyo ilienea Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia, kwenye mashamba ya watu wenye ekari moja ama mbili.

Kisha mwaka wa 2017 kiwavijeshi kutoka Amerika, yule aliyetua Afrika Magharibi mwaka wa 2016, akafika Kenya. Serikali zikakimbilia dawa. Kule mashambani, wakulima wa vuta-sukuma wakawa wanashangaa kwa nini mahindi ya jirani yameliwa na yao yamesimama. Watafiti wa Mbita wakaenda kupima katika mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo waliyochapisha mwaka wa 2018 yalionyesha viwavi walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwenye mashamba hayo. Hakuna aliyekuwa ameipanga mbinu hiyo kwa mdudu yule. Ilikuwepo tayari, imejaribiwa miaka mingi, katika nchi tatu, na watu waliojuana.

Mbegu ya desmodiamu bado si rahisi kupatikana, na kwa wengi bei yake inauma. Lakini mmea wenyewe hukubali ukikata mtambaa wake na kuuchomeka kwenye udongo wenye unyevu. Kwa hivyo wakulima wanapeana: mwenye mstari mmoja anakata, anafunga kwenye gunia bichi, anampa jirani naye akapande wake kabla mvua haijakatika.